Kati ya Mwalimu na Daktari: Unasihi wa Afya ya Akili kwa Waislamu wa Pwani

Mtu wa Unguja, Tanga au Mombasa anapoanza kuzungumza peke yake usiku, kukataa chakula au kujifungia chumbani wiki nzima, familia yake haianzi na hospitali. Huanza na walio karibu. Bibi atafukiza ubani, mwalimu wa chuo ataitwa aje kumsomea, na fundi ataandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakoshwe kwa maji ya waridi na mgonjwa ayanywe. Hospitali huja baadaye, mara nyingi baada ya fedha kwisha na mgonjwa kuwa mkali kiasi cha kuogopwa na majirani. Hata akishapewa vidonge, kusomewa hakukomi. Vidonge vinamezwa asubuhi, kombe linanywewa jioni. Muuguzi hajui la jioni, mwalimu hajui la asubuhi, na anayejua yote mawili ni mama wa mgonjwa tu, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mjadala wa unasihi unaozingatia imani huendeshwa kana kwamba dini iko nje ya mlango, inangoja kuruhusiwa kuingia katika matibabu ya akili. Katika pwani yetu iliingia zamani, na haikuwahi kutoka. Kinachokosekana ni mapatano kati ya watu wanaomtibu mtu yule yule: nani afanye nini, kazi yake ikomee wapi, na awajibike kwa nani akimdhuru mgonjwa. Bila mapatano hayo, kuongeza aya na dua kwenye karatasi za mnasihi hakutamsaidia mtu.

Tuanze na upande wa hospitali, maana ndio ulio mwembamba zaidi. Kenya na Tanzania zote zina chini ya daktari mmoja wa akili kwa kila watu 100,000, na wengi wao wako miji mikubwa. Zanzibar inategemea hospitali moja ya akili, Kidongo Chekundu. Bara ipo Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa wakati wa Waingereza katika miaka ya 1920. Kenya ina Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910. Majina haya yote yamekuwa matusi ya mitaani. Mtu akisema fulani “katoka Mirembe”, hana haja ya kueleza zaidi. Familia inayotaka kumwoza binti yake mwakani itafikiri mara nyingi kabla ya kumpeleka mahali ambapo jina lake tu linamchafua. Kwa mwalimu hakuna fedheha hiyo. Kusomewa ni jambo la heshima. Hata mzima husomewa. Kwa hiyo wanaodhani watu huenda kwa mwalimu kwa sababu ya ujinga wanakosea hesabu. Huenda kwa sababu yupo mtaani, anawajua, anawasikiliza hadi mwisho, na hawaachii doa.

Kikosi kazi cha serikali ya Kenya kilichotoa ripoti yake mwaka 2020 kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ni pendekezo la haki. Lakini hata serikali zikiajiri kwa kasi, watoto wa leo watakuwa wazee kabla hatujapata wataalamu wa kutosha, na katika muda huo wote mwalimu ataendelea kuwa wa kwanza kuitwa.

Sasa, mwalimu na familia husema nini juu ya chanzo cha ugonjwa? Wapo wanaosema jini, wapo wanaosema hasadi au kufanyiwa, wapo wanaosema ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, na wapo wanaosema imani yake ni dhaifu. Maelezo haya manne hutajwa pamoja, lakini hayafanani kwa madhara yake.

La jini ndilo linalowapa wauguzi tabu, hasa waliosomea mbali na pwani. Mgonjwa akisema anasumbuliwa na jini, huandikwa kwamba ana imani potofu, na hapo mazungumzo yamekwisha. Lakini kuwepo kwa majini ni sehemu ya itikadi ya Mwislamu, wametajwa ndani ya Kurani, na mwenye akili timamu huamini hivyo bila kuugua. Kipimo kizuri zaidi cha kutofautisha imani na ugonjwa ni familia yenyewe. Nyumba inayoamini majini inajua namna mambo hayo yanavyokwenda: yanaanzaje, yanatulizwaje, yanaondokaje. Ndugu wanapoanza kusema “hata kama ni jini, hili la huyu kijana si la kawaida; amesomewa na hakubadilika, halali, haogi, anatutuhumu kumtilia sumu”, wamekwisha kumpa mnasihi alichokuwa anakitafuta. Mnasihi hahitaji kutoa hukumu kama jini yupo au hayupo. Anahitaji kujua mgonjwa analala saa ngapi, anakula nini, ameacha kazi lini, na kama anasikia sauti inayomwamrisha ajidhuru.

La mtihani mara nyingi husaidia. Mjane anayeona msiba wake una maana huubeba kwa namna ambayo asiyeona maana hawezi. Linalodhuru kupita yote ni la imani dhaifu. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, yumo ndani ya arubaini yake, hana hamu na mtoto na machozi hayakauki, akiambiwa asali zaidi na amshukuru Mola wake, anaongezewa dhambi juu ya ugonjwa. Anajiona mgonjwa na mkosefu kwa wakati mmoja. Baada ya hapo hatasema tena. Nimesikia maneno haya yakitolewa kwa nia njema na watu wanaoipenda familia, na bado nasema wazi kwamba ni maneno yanayoweza kuua.

Wala hayana msingi katika dini yenyewe. Mtume Muhammad alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib karibu kwa wakati mmoja, na wanahistoria wa Kiislamu waliuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni, bila mtu kumtuhumu kwa udhaifu wa imani. Nabii Yakubu alilia kwa kumkosa Yusufu hadi macho yake yakawa meupe. Bibi Aisha alikuwa akiamuru waliofiwa wapikiwe uji wa shayiri kwa sababu alipokea kutoka kwa Mtume kwamba unatuliza moyo wa mwenye huzuni. Huu ni ushahidi ambao kila mwalimu wa chuo anao, na ndio ungefaa kusomwa mbele ya mama yule wa arubaini.

Wanazuoni wa kale walikwenda mbali zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja chenye sehemu mbili, ya mwili na ya nafsi, akalalamika kwamba matabibu wa zama zake wanaipuuza ya pili. Aligawa huzuni katika aina mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomshika mtu bila sababu yoyote anayoijua, ambayo alisema asili yake imo mwilini na inahitaji dawa ya mwili pamoja na maneno ya kufariji. Mjini Cairo hospitali ya Sultani Qalawun, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Historia hii husimuliwa kwa fahari kwenye mihadhara yetu, kisha msimulizi anarudi nyumbani na kumzuia ndugu yake asionane na daktari. Ingekuwa na faida zaidi kama ingetumika hospitalini, pale muuguzi anapohitaji kumweleza mzee wa familia kwamba kutumia dawa kwa ajili ya huzuni ni jambo ambalo Mwislamu wa Balkh alilishauri zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mwanasaikolojia Malik Badri wa Sudan, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 2021, ndiye aliyewaamsha wenzake. Katika mhadhara wa mwaka 1975, na baadaye katika kitabu chake cha 1979, aliwashutumu wanasaikolojia Waislamu kwa kumeza nadharia za Ulaya na Marekani nzima nzima, pamoja na dhana zake juu ya mwanadamu asiye na roho wala Muumba. Hakusema zitupwe zote. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa tiba ya tabia na aliitumia. Alitaka zichujwe. Tangu hapo yamezaliwa mengi, kama Khalil Center ya Chicago inayochanganya tiba ya mazungumzo na elimu ya nafsi ya wanazuoni wa kale. Yamezaliwa pia mengine yasiyo na thamani, ambapo mtu asiye na mafunzo yoyote hubandika neno “Kiislamu” mbele ya ushauri wake na kutoza ada.

Mfano ninaoupenda umetoka Leeds, Uingereza, ambako Ghazala Mir na wenzake walichukua tiba iliyokwisha kuthibitishwa kwa sonona, ile inayomsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zenye maana kwake hatua kwa hatua, wakairekebisha kwa ajili ya Waislamu. Mgonjwa anaulizwa kwanza kama dini ni muhimu kwake na kama anataka iingie katika matibabu. Akitaka, anapewa kijitabu chenye mafundisho ya dini yanayohusiana na matumaini na subira, na sala ya jamaa au kumtembelea jirani vinaweza kuwa miongoni mwa shughuli anazopanga. Asipotaka, anatibiwa vilevile. Swali lile la mwanzo ndilo linalonivutia. Si kila mwenye jina la Kiislamu anataka kusomewa aya na mnasihi. Wapo waliopigwa kwa jina la dini, na wapo wanaoitafuta dini yao upya na hawataki kuharakishwa. Kuuliza kabla ya kudhani ndiko kuzingatia imani.

Kuna ugonjwa mmoja unaoonyesha kuliko mengine yote kwa nini mnasihi na sheikh wanahitajiana, nao ni wasiwasi wa ibada. Kila msikiti mkubwa wa pwani una mtu wake. Jamaa imekwisha kukimiwa naye bado yuko birikani, anaosha mkono ule ule mara ya kumi na mbili kwa kuona kuna mahali maji hayakufika. Akiingia safu anarudia takbiri ya kuhirimia tena na tena kwa kuhofu nia yake haikukaa sawa. Watu humwona mcha Mungu. Yeye yuko kwenye mateso, na baadhi yao mwishowe huacha kusali kabisa kwa sababu sala moja inamla saa nzima.

Tiba inayofahamika hospitalini ni kumzoesha mgonjwa kukaa na shaka bila kurudia kitendo, mpaka hofu ipungue yenyewe. Mnasihi asiyejua dini atamwambia, “leo sali bila kutawadha uone kama kitatokea kitu.” Amempoteza mgonjwa hapo hapo, na kwa haki, maana amemwagiza jambo ambalo kwa Mwislamu ni haramu. Sheikh asiyejua ugonjwa naye atamwambia arudie kwa tahadhari, na kwa neno hilo ameulisha wasiwasi. Mgonjwa kama huyu hupiga simu kwa masheikh watatu kwa siku. Kila jibu linampa utulivu wa dakika kumi, kisha shaka inarudi na simu nyingine inapigwa. Kule kuuliza fatwa kumeshakuwa sehemu ya maradhi.

Fikihi ina jibu ambalo linakubaliana na tiba kwa namna ya kushangaza. Kanuni inayofundishwa kwa kila mwanafunzi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kuosha mara tatu ni ukomo wa suna, na kuzidisha kumekaripiwa. Shaka inayokuja baada ya ibada kumalizika haizingatiwi. Ibn Qudama, mwanazuoni wa karne ya 13, aliandika risala nzima ya kuwakemea wenye wasiwasi na kuwataka waupuuze. Kwa hiyo mapatano yanaweza kuwa haya: mgonjwa achague sheikh mmoja tu, sheikh akae na mnasihi mara moja, watoe jibu moja, kuosha mara tatu na takbiri moja, na tangu siku hiyo sheikh asijibu tena swali lile lile hata akililiwa. Mnasihi anashughulika na hofu. Sheikh amemwondolea mgonjwa dhambi anayoiogopa. Hakuna kati yao anayeweza kuifanya kazi hiyo peke yake.

Siri nayo ina mambo yake. Mwanamke anayeulizwa nini kinamsumbua hujua jibu: mkwe, au mume, au mke mwenza. Lakini amelelewa kwamba kumtaja mtu kwa ubaya ni kusengenya, na kutoa ya ndani ni kuvunja sitara ya nyumba. Atasema kichwa kinamuuma na moyo unamwenda mbio, ataandikiwa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Imam Nawawi, ambaye Riyadh as-Salihin yake husomwa kwenye darsa za misikiti yetu, ametaja hali sita ambazo kumsema asiyekuwepo kunaruhusiwa, zikiwemo kushtaki dhuluma na kutaka msaada au fatwa. Hind binti Utba alimshtaki mumewe Abu Sufyan kwa ubahili mbele ya Mtume, akapewa ufumbuzi. Mnasihi anayejua haya mawili anaweza kumfungua mgonjwa kwa sentensi moja. Mgonjwa apewe pia mnasihi wa kike anapotaka, au chumba chenye mlango wazi na ndugu ameketi nje, kwa kuwa faragha ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu itamfunga mdomo hata kama nia ni njema.

Ramadhani ni mtihani wa kila mwaka kwa kliniki zote za pwani, na unaweza kuandaliwa mapema. Mgonjwa akiachwa aamue mwenyewe, atafunga na kuacha dawa, kwa sababu kufunga na wenzake ndiko kunakomfanya ajione mtu kamili. Dawa nyingi zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari na daku. Nyingine haziruhusu: anayetumia lithiamu akikaa kutwa bila maji kwenye joto la Mombasa, kiwango cha dawa katika damu kinaweza kupanda hadi kuwa sumu. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo kwenye Kurani, lakini akiisikia kwa muuguzi asiyesali ataikataa; akiisikia kwa imamu wa mtaa wake ataikubali. Mwezi wa Shaabani ndio wakati wa mazungumzo hayo. Vijana wanaonywa methadone kila siku mbele ya mhudumu ili kujinasua na heroini wanahitaji mpango wao wa Ramadhani pia.

Kuna jambo tunalolinyamazia. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021, Waislamu karibu 8 kati ya kila 100 walisema wamewahi kujaribu kujiua, kiwango kilichokuwa juu kuliko cha wafuasi wa dini nyingine waliolinganishwa nao. Imani kwamba uharamu wa jambo unatosha kulizuia haina ukweli. Huku kwetu sheria nayo iliongeza uzito: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kimemhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Katikati ya hofu ya polisi na hofu ya msikiti, familia husema ameanguka kisimani. Wanazuoni wengi, Mashafii wakiwemo, wameshikilia kwamba aliyejiua husaliwa na kuzikwa na Waislamu. Na katika hadithi ya sahaba mmoja aliyejikata vidole kwa kushindwa na maumivu akafa, iliyopokewa na Muslim, Mtume alimwombea msamaha. Imamu anayemsalia marehemu wa namna hii na kukataa kumlaani mimbarini huenda akawaokoa wanaomsikiliza, ambao baadhi yao wana fikra hizo hizo siku ile ile.

Nguvu ya kufanya haya tunayo. Waswahili walikuwa na wanasihi kabla ya neno hilo kuandikwa kwenye mtaala. Somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, hubaki mtunza siri wake miaka mingi baada ya harusi. Kadhi anaposikiliza shauri la talaka, hupitia suluhu kwanza, na mara nyingi anakuwa mtu wa kwanza nje ya familia kusikia kwamba mume halali au mke anataka kufa. Zimbabwe ilianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili za wenye dhiki hao zilipungua, na mpango huo umekwisha kufika Zanzibar. Somo na mke wa imamu wanafaa kazi hiyo, wakifundishwa.

Ushirikiano na waganga wa kidini nao umejaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Ibadan nchini Nigeria na Kumasi nchini Ghana uliwaweka wahudumu wa afya wakitembelea vituo vya waganga wa jadi na wa kidini, wakitibu pamoja wagonjwa wenye maradhi mazito ya akili. Miezi sita baadaye wagonjwa hao walikuwa na hali bora kuliko wale wa vituo ambavyo havikuwa na mpango huo. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula vilipungua sana katika makundi yote mawili ya vituo, na hilo linaashiria kwamba hata kuangaliwa tu kunamzuia mtu.

Kuangaliwa ndiko kunakohitajika kwetu. Human Rights Watch iliripoti mwaka 2020 kwamba wagonjwa wa akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60, za dini mbalimbali. Wapo walimu wa rukya, yaani wa kumsomea mgonjwa, wanaosoma kwa upole na kurudisha fedha. Wapo pia wanaopiga mgonjwa wakidai wanampiga jini, wanaokaa faragha na wanawake, na wanaoagiza vidonge vya kifafa vitupwe, ilhali kuvikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma na kifo. Mtume amepokewa akisema kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara. Hukumu hiyo ingetosha, kama ingetekelezwa.

Basi ofisi za Kadhi na za Mufti, pamoja na wizara za afya na hospitali za kaunti, ziwaandikishe wasomaji wa rukya na kuwafundisha dalili za hatari na mahali pa kumpeleka mgonjwa usiku. Vyuo vya uuguzi navyo vifundishe haya ya Ramadhani, ya faragha na ya wasiwasi wa ibada. Na yaandikwe mambo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyafanya kwa jina la dini: kupiga, kufunga, kunyima chakula, kukatisha dawa, kukaa faragha na mwanamke. Atakayeyafanya ashtakiwe kama mwingine yeyote aliyemjeruhi mtu.